Sikio la Pili Si la Akiba

Leo tuongee kuhusu masikio. Nianze na maneno ambayo nimeyasikia Riyadh, nikayasikia tena Jeddah, na nina hakika yanasemwa hata Tanga na Mombasa: "Sikio moja halisikii vizuri, lakini la pili ni zima, alhamdulillahi." Wazazi huyasema kwa moyo safi. Mtoto anaongea, anaitika, anaimba, basi wanaona hakuna tatizo. Lakini mtoto huyo anasikia sauti bila kujua imetoka wapi, na hilo ni jambo kubwa kuliko tunavyodhani.

Ubongo unapiga hesabu

Ndani ya sikio kuna mrija uliojiviringa kama konokono. Huo hupanga sauti kwa unene na wembamba wake, lakini hauna alama ya kulia wala kushoto. Mahali ilikotoka sauti ubongo hupatafuta wenyewe, kwa kulinganisha masikio mawili.

Kwanza hulinganisha muda. Mtu akikuita kutoka kushoto, sauti yake hufika sikio la kushoto kabla ya la kulia. Sauti husafiri hewani karibu mita 343 kwa sekunde, na kichwa ni kidogo, kwa hiyo tofauti hiyo kwa kawaida haizidi takriban sehemu 7 kati ya 10,000 za sekunde. Kupepesa jicho huchukua muda zaidi ya mara mia ya huo. Hata hivyo ubongo huikamata. Mwenye usikivu mzuri anaweza kutambua tofauti ya sehemu 10 tu kati ya milioni za sekunde, ndiyo maana sauti iliyo mbele yetu ikisogea kama digrii 1 tunaweza kuhisi.

Pili hulinganisha nguvu. Kichwa hukinga sauti kama ukuta unavyokinga jua. Sauti nyembamba, kama filimbi, hukwama, na sikio la upande wa pili hubaki kivulini. Sauti nzito, kama ngurumo ya lori, huzunguka kichwa bila taabu, na hapo ubongo hutegemea zaidi muda. Mwanafizikia wa Uingereza, Lord Rayleigh, aliueleza mgawanyo huu mwaka 1907, na bado ndio msingi wa tunachofundishwa.

Hesabu hii huanzia kwenye shina la ubongo, kabla hatujafikiri lolote. Baadhi ya seli hulinganisha muda, nyingine nguvu. Mikunjo ya sikio la nje nayo husaidia kujua kama sauti iko juu au chini, mbele au nyuma. Tukibaki na shaka, tunageuza kichwa na hesabu inapigwa upya.

Jaribuni nyumbani jioni hii. Mtu mmoja akae katikati ya sebule, afumbe macho, na watoto wapige makofi kutoka pembe mbalimbali, yeye aonyeshe kwa kidole. Kisha azibe sikio moja kwa kidole, mrudie. Mtacheka, kwa sababu sauti nyingi ataziona zimehamia upande wa sikio lililo wazi. Mkishacheka, mkumbuke yuko mtoto anayeishi hivyo kila siku.

Barabarani na darasani

Kwetu Kenya, Uganda na Tanzania magari hupita kushoto. Saudia hupita kulia. Aliyetoka Dar juzi akisimama ukingoni mwa barabara hapa Riyadh, shingo inageuka kulia kwa mazoea, na gari la karibu linatokea kushoto. Mara nyingi masikio ndiyo humwahi kabla ya macho. Mwenye sikio moja zima anasikia honi, anajua kuna gari, ila hajui arudi nyuma au asonge mbele.

Hapa niseme na wanafunzi pia. Wengi mnavuka barabara na hedifoni, na mkikemewa mnajibu, "Nimeacha sikio moja wazi." Sikio moja wazi litakuambia gari lipo. Upande linakotoka utakisia tu. Toeni yote mawili, mvuke, kisha mrudishe.

Kelele nazo ni mtihani. Fikiria Al-Balad, mji mkongwe wa Jeddah, wakati wa Maghrib. Adhana inatoka misikiti kadhaa na kuta za nyumba za kale zinairudisha sauti. Ubongo wenye masikio mawili huipa kipaumbele sauti iliyofika kwanza, na mwangwi unaofuata papo hapo hauusumbui sana. Pia unaweza kumchagua mtu mmoja katikati ya wengi wanaoongea. Kwa mwenye sikio moja, yote huja kama rundo moja. Darasani ni vivyo hivyo: anamsikia mwalimu pamoja na viti, feni na wenzake, anachoka, na jioni anaitwa mvivu.

Nilipokuwa Jeddah, mama mmoja wa kwetu aliniambia mwanawe ni mkaidi. "Nikimwita kutoka jikoni anakimbilia chumbani!" Mtoto alipopimwa, sikio la kushoto lilikuwa karibu halisikii kabisa. Mwaka mmoja nyuma alikuwa ameugua matumbwitumbwi. Ugonjwa huu unaweza kuua usikivu wa sikio moja bila mtu kujua, maana la pili linaendelea kujibu.

La kufanya

Aliyejifungua huku, asome majibu ya kipimo cha usikivu cha mtoto mchanga hadi mwisho. Saudia ilianza mpango wa taifa wa kipimo hiki mwaka 2016, na kila sikio hupimwa peke yake. Ukiambiwa moja halikupita, rudi. Kanuni ya kimataifa ni kupima kabla ya mwezi 1, kuthibitisha kabla ya miezi 3, na kuanza msaada kabla ya miezi 6.

Aliyekuja na mtoto kutoka nyumbani, aangalie chanjo. Ya kawaida Kenya na Tanzania ni ya surua na rubela. Huku inakuwa pamoja na matumbwitumbwi. Angalia pia dalili: anageukia upande mmoja kila anapoitwa, anaweka simu sikio lile lile, anauliza "uko wapi?" mkiwa nyumba moja. Mpeleke apimwe. Wakati mwingine ni majimaji tu nyuma ya ngoma ya sikio, na hayo yana tiba.

Ikithibitika ni sikio moja, omba shuleni akae mbele, sikio zima likielekea kwa mwalimu. Mfundishe kutazama pande zote mbili bila kuamini sikio. Uliza kuhusu vifaa vya kusaidia kusikia. Kwa watoto wasiosikia masikio yote, upasuaji wa kupandikiza kifaa ndani ya sikio unafanyika hapa Riyadh kwenye kituo cha masikio cha King Abdullah, chini ya Chuo Kikuu cha King Saud, na Muhimbili walianza mwaka 2017. Wanaowekewa pande zote mbili mapema kwa kawaida hutambua mahali pa sauti vizuri kuliko wenye upande mmoja, kwa sababu ubongo mchanga bado unajifunza hesabu ile.

Mwisho ni kwa watu wazima, hasa ndugu zetu madereva na wafanyakazi wa majumbani ambao huogopa kuomba ruhusa. Sikio moja likizima ghafla, usisubiri ukidhani ni nta. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kuna dawa zinazoweza kusaidia, na kila siku inayopita hupunguza nafasi ya kupona.