Barabara ya Lupembe: Tuipokee kwa Macho na kwa Daftari



Katika vijiji vya Lupembe habari ya barabara haiishi. Watu huizungumza kwenye vituo vya kukusanyia majani ya chai. Huizungumza sokoni, huizungumza baada ya ibada, na huizungumza kilabuni wakati wa ulanzi. Kwa miaka mingi wananchi wameomba barabara ya lami kutoka Kibena, pale Njombe mjini, hadi Lupembe. Tena mpango wenyewe hauishii Lupembe. Barabara hiyo iendelezwe hadi Madeke, halafu ishuke bondeni mpaka Mlimba, katika Mkoa wa Morogoro.

Jambo hili tulilizungumza darasani kwa jioni tatu. Kila mtu alitoa maoni yake. Hatukukubaliana katika kila jambo. Hapa nitaeleza kwanza waliyosema wanakisomo. Kisha nami nitatoa maoni yangu.

Kwa nini tunaitaka barabara

Mama mmoja, mkulima wa chai, ndiye aliyeanza. Alisema, "Mwalimu, jani la chai halimsubiri mtu."

Alisema kweli. Jani likishachumwa linatakiwa kufika kiwandani upesi, siku ileile. Likikaa ndani ya gunia hupata joto. Hubadilika rangi na kuwa jekundu. Jani la namna hiyo halitoi chai nzuri, na mkulima hukosa malipo yake. Wakati wa mvua ndio wakati wa jani jingi. Lakini wakati huohuo udongo wetu mwekundu huwa kama sabuni. Lori moja la mbao likinasa mlimani, magari yote yaliyo nyuma yake husimama. Jani linaharibika, mkulima anapata hasara, na kiwanda nacho hakipati kitu.

Kijana mmoja alizungumza juu ya mananasi ya Madeke. Alisema kwamba mnunuzi akiona njia ni mbaya, hupunguza bei. Fedha anayoipoteza njiani huitoa kwenye nanasi la mkulima. "Mwisho wa yote," alisema, "ubovu wa barabara tunaulipia sisi."

Mama mwingine alikumbusha habari ya wajawazito. Mama akishindwa kujifungua usiku wa mvua, safari ya kutoka kwetu hadi hospitali ya Kibena ni ndefu na ya hatari. Hapo darasa zima lilinyamaza. Karibu kila mtu alikuwa na jina la ndugu moyoni mwake.

Mzee mmoja alizungumza juu ya Mlimba. Tazameni ramani. Mlimba iko chini ya milima yetu, upande wa mashariki. Haiko mbali. Lakini kwa miaka mingi lori lenye mzigo mkubwa lilibidi lizunguke Makambako, Iringa, Mikumi na Ifakara ndipo lifike Mlimba. Huko wanalima mpunga. Huku tunalima viazi, mahindi, chai na parachichi. Njia nzuri ikipita Madeke, mchele utapanda na viazi vitashuka.

Kwa hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyesema barabara isijengwe. Neno hili naliandika wazi, ili mtu asije akatusingizia.

Wasiwasi wa walio kando ya barabara

Jioni ya pili walizungumza wale ambao nyumba zao ziko karibu na barabara. Sauti zao zilikuwa za chini zaidi.

Hapa tujifunze hesabu kidogo. Sheria ya Barabara ni ya mwaka 2007. Kwa sheria hiyo na kanuni zake, hifadhi ya barabara kuu na ya mkoa ni mita 60. Yaani mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Zamani ilikuwa mita 22 na nusu kila upande. Basi tukitoa 22 na nusu katika 30, tunapata mita 7 na nusu. Hicho ndicho kipande kilichoongezwa kila upande.

Hatua moja ndefu ya mtu mzima ni karibu mita moja. Nenda katikati ya barabara ukahesabu hatua 30 kuelekea kwako. Utajua kama nyumba yako imo au haimo. Mama mmoja alifanya hivyo asubuhi iliyofuata. Alirudi darasani akasema, "Jiko langu limo. Kitanda changu hakimo." Watu walicheka, lakini yeye hakucheka.

Mzee mwingine alisimama. Alisema, "Mwalimu, wengine watatuambia kwamba tuliifuata barabara. Mimi sikuifuata. Nilikuwa mtoto wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1970. Wazazi wangu walitolewa kule bondeni. Walionyeshwa kiwanja hapa, kando ya barabara. Waliambiwa wajenge, wakajenga. Leo nani amemfuata mwenzake?"

Swali hilo ni zito. Si la huyu mzee peke yake, kwa sababu vijiji vingi vya Tanzania viliwekwa kando ya barabara miaka ile. Tena ni swali lenye fedha ndani yake. Aliyekuwa pale kwa haki, kisha barabara ikapanuliwa hadi kwake, anastahili fidia. Aliyeingia ndani ya hifadhi baadaye, akijua, hastahili. Ndiyo maana sehemu nyingi nyumba zimewekwa alama ya X kwa rangi mbili. X ya kijani ni ya yule atakayelipwa. X nyekundu ni ya yule atakayeondoka bila malipo. Tofauti ya rangi hizo ni tofauti ya maisha.

Wengine walisema habari ya makaburi ya wazee wao. Wengine walisema habari ya maji. Barabara ya lami hukusanya maji mengi ya mvua na kuyatupa mahali pamoja. Yakitupwa ovyo, yatachimba makorongo na kufukia vinyungu vyetu bondeni. Wanaolima vinyungu wengi ni akina mama. Nao hawako ndani ya mita 30, kwa hiyo hakuna atakayekwenda kupaka X kwenye mboga zao.

Mambo mawili ambayo siyakubali

Mzee mmoja alishauri tunyamaze. Alisema, "Tukiuliza mno, barabara itapelekwa kwa wengine. Heri tupate barabara, hayo mengine tumwachie Mungu."

Namheshimu mzee huyo. Ameingoja barabara maisha yake yote, na anaogopa kuikosa. Lakini kuuliza si kukataa. Anayeuliza mapema huwasaidia hata wajenzi. Ugomvi wa fidia ukianza wakati katapila limekwisha fika, kazi husimama. Kesi huanza, na kila mtu huchelewa. Tena haki hii si zawadi ya mtu. Imo katika sheria za nchi. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zinasema kwamba fidia iwe kamili, ya haki, na ilipwe upesi.

Kijana mmoja naye alikuwa na shauri jingine. Alitaka watu wajenge vibanda haraka na kupanda miti usiku na mchana, ili wathamini wakija wakute mali nyingi. Hilo nalo silikubali. Huo ni wizi. Fedha ya barabara ni ya wananchi wote. Tena udanganyifu wa mmoja huwafanya wathamini wawashuku wote, hata mjane mwenye nyumba ya miaka 40.

Kisa cha baba yangu mdogo

Nina sababu ya kusema haya. Baba yangu mdogo aliishi katika wilaya nyingine. Barabara ilipopita kwake, watu walikuja na fomu. Yeye hakujua kusoma. Alikuwa na miche 120 ya kahawa. Mtu aliyeandika aliandika 12. Sijui kama alikosea au alikusudia. Baba mdogo aliombwa aweke dole gumba, akaweka. Alipopata mtu wa kumsomea karatasi ile, fedha ilikuwa imekwisha kulipwa. Alikwenda ofisini mara nyingi. Kila mara alionyeshwa dole gumba lake mwenyewe.

Sifuri moja tu ilimpotezea kazi ya miaka mingi. Mimi nafundisha kisomo cha watu wazima. Kila ninapoandika sifuri ubaoni, namkumbuka.

Maoni yangu

Maoni yangu ni haya. Tuikubali barabara kwa mikono miwili, lakini tuipokee kwa macho na kwa daftari. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani wengi wetu tuliusikia msemo huo tu. Sasa tunaweza kuutenda, kwa sababu tunajua kusoma na kuandika. Tufanye mambo matano.

Kwanza, tukutane. Kwa sheria ya mwaka 1982, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio wenye mamlaka ya juu kijijini. Tuwaombe viongozi wetu waitishe mkutano kabla wapimaji hawajaja. Wakala wa Barabara, yaani TANROADS, waalikwe. Waje na ramani, watuonyeshe barabara itapita wapi. Majibu yao yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Pili, kila nyumba iandike mali yake katika daftari. Andika ukubwa wa shamba. Hesabu miche ya chai, miparachichi, milingoti na mianzi. Andika vyumba vya nyumba, choo na kisima. Andika mwaka ulipofika mahali hapo, na majina ya majirani wanaojua. Yule mzee wa Operesheni Vijiji aandike kisa chake leo, wakati mashahidi wake wangali hai.

Tatu, mtu asitie saini karatasi ambayo hajaisoma. Soma polepole. Soma tarakimu mara mbili. Linganisha na daftari lako. Fidia si ya nyumba na mazao peke yake. Kanuni zinataja pia thamani ya ardhi, posho ya usumbufu, posho ya makazi na gharama za kuhamisha vitu. Kama malipo yamecheleweshwa zaidi ya miezi 6, kuna riba. Makaburi nayo yana sheria yake ya mwaka 1969, na gharama za kuyahamisha si za mfiwa. Ukimaliza kusoma, omba nakala ukaiweke nyumbani.

Nne, mume asitie saini peke yake. Sheria za Ardhi zinasema kwamba mwanamke ana haki ya ardhi sawasawa na mwanamume. Shamba la chai hulimwa na wawili. Kwa hiyo majina yawe mawili, na fedha ijulikane kwa wote wawili. Fedha ya fidia iliyofichwa mfukoni huishia kilabuni, na watoto hubaki bila paa.

Tano, tuwaonyeshe wajenzi njia za maji. Mhandisi akija wakati wa kiangazi huona bonde kavu. Sisi tunajua maji hupita wapi mwezi wa Machi. Tuwaonyeshe, ili waweke makalavati mahali panapofaa na mitaro isielekezwe kwenye vinyungu. Wenzetu wa Ludewa, katika mkoa huuhuu wa Njombe, walijengewa kipande cha Lusitu hadi Mawengi kwa zege, si kwa lami, kwa sababu ya milima na mvua. Hii inaonyesha kwamba barabara inaweza kujengwa kwa kufuata hali ya mahali. Na hali ya mahali inajulikana na wenyeji.

Jioni ya tatu, kabla hatujatawanyika, yule mama wa jiko alikuja mbele. Alikuwa na daftari la kurasa 40. Katika ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika kwa mkono wake: jiko 1, miparachichi 6, mianzi 3, kaburi la mama 1. Aliniuliza kama ameandika vizuri neno "kaburi".

Nilimwambia kwamba ameandika vizuri sana.

Maswali ya mazungumzo

1. Kwa nini wakulima wa chai wanahitaji barabara nzuri zaidi wakati wa mvua?
2. Pima hatua 30 kutoka katikati ya barabara ya kijiji chako. Umekuta nini ndani ya hatua hizo?
3. Mzee mmoja alishauri watu wanyamaze. Wewe unaonaje? Toa sababu.
4. Kwa nini mume na mke wote wawili wanapaswa kuisoma fomu ya fidia?
5. Andika katika daftari lako mali tano zilizoko shambani kwako. Kisha msomee mwenzako.