Flashi Inayorudi Nyumbani na Mgeni

Katika nyumba nyingi tunazozijua, kompyuta ni moja tu, nayo ni ya wote. Baba huhifadhi humo hesabu za duka, mama picha za harusi na za marehemu bibi, na mtoto wa kidato cha nne kazi zake za shule. Juma hili tumeona tuzungumze na wazazi juu ya virusi vya kompyuta, na tuanze na kile kidude kidogo kinachoning'inia kwenye funguo: flashi.

Mtoto hutumwa kwenda kuchapisha kazi yake kwenye duka la steshenari. Kompyuta ya pale hupokea flashi za watu wengi kwa siku, wala haijulikani ni ipi iliyokuja na maradhi. Akirejea nyumbani na kuichomeka flashi, huenda akaona folda zake zimegeuka alama zenye kishale kidogo. Folda za asili hazikupotea. Aghalabu kirusi kimezificha, kikaweka mahali pake njia ya mkato yenye jina lile lile. Akibofya hapo, ndipo anapokifungulia mlango kwa mkono wake, na tangu hapo kila flashi itakayochomekwa kwenye kompyuta hiyo yaweza kuambukizwa. Basi afundishwe kutobofya, bali aichunguze flashi kwanza kwa programu ya kuzuia virusi. Wala asikubali haraka ushauri wa fundi anayetaka kuifuta flashi yote, kwani kilichofichwa mara nyingi huweza kufichuliwa. Na flashi ya kuchapishia iwe ya kazi hiyo tu, isiwe ile yenye picha za familia.

Wengi hudhani kuwa ulinzi ni lazima ununuliwe. Windows 10 na Windows 11 huja na Microsoft Defender bila malipo ya ziada, nayo yaitosha nyumba ya kawaida, maadamu haijazimwa. Taabu ni kwamba watu huizima wenyewe: mtu hupewa programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli, akaambiwa azime ulinzi ndipo aisakinishe. Sisi tunasema, programu inayotaka mlinzi aondoke kwanza haifai kuingizwa ndani, hata ikiwa imeletwa na shemeji.

Wengine huahirisha masasisho kwa kuogopa kumaliza bando. Hofu hiyo tunaielewa. Bando ni fedha. Lakini mwezi Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilienea katika nchi zaidi ya 150, kikayafunga mafaili ya watu na kudai dola 300 za Marekani kwa kila kompyuta ili yafunguliwe. Huko Uingereza, hospitali zililazimika kufuta miadi ya maelfu ya wagonjwa. Ilhali Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa kiraka cha kuziba tundu hilo tangu Machi, miezi miwili kabla. Kompyuta iliyowekewa kiraka haikuingilika kwa tundu lile. Kwa wenye Windows 10, wajue kuwa huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Wamuulize fundi kama kompyuta yao yaweza kupokea Windows 11.

Hata hivyo, ulinzi wote huo waweza kushindwa, na hapo kinachookoa ni nakala. Tumeona familia zikinunua diski ya nje kwa ajili hiyo, kisha zikaiacha imechomekwa usiku na mchana. Kirusi cha kufunga mafaili huifunga na diski hiyo pia. Ichomekwe, inakiliwe, ichomolewe, kisha ikae kabatini pamoja na hati ya kiwanja na vyeti vya kuzaliwa. Na kila baada ya miezi michache ifunguliwe, ionekane kama picha za bibi bado zimo.