Lipa mlangoni: wimbo huru hauishi bila tikiti



Katika miji yetu, iwe Goma, Bukavu, Bunia, Butembo ao Lubumbashi, kuko vikundi vya vijana wanne, watano, vinavyotafuta sale ndogo ya kupigia muziki. Gitaa mbili, kinanda, ngoma za kuazima, sono ya kukodi. Hawana produsa, hawana mkubwa nyuma yao. Wanaimba pop yao wenyewe, Kiswahili, Kifaransa na Lingala ndani ya wimbo mmoja, juu ya mapenzi, juu ya bei ya unga, juu ya diplome isiyoleta kazi.

Wengine wanatuuliza: «Harakati ya raia inaingia namna gani ndani ya mambo ya konseri? Si mungesema juu ya maji, juu ya umeme, juu ya usalama?» Juu ya hayo tunasema kila siku. Leo tunasema juu ya konseri ndogo kwa sababu ni moja kati ya mahali pachache ambapo vijana wanakutana bila mtu mkubwa kuwalipia. Na mahali pa namna hiyo panazidi kubanwa.

Tuangalie nani anamlisha mwanamuziki wa kwetu. Kuko mifuko mitatu.

Mfuko wa kwanza ni mabanga. Wote tunajua inavyokwenda: mwimbaji anataja jina la mfanyabiashara, la mbunge, la jenerali, na mwenye jina anatoa makuta. Hatumtukani anayefanya hivyo, tumbo ni tumbo. Lakini utaimba namna gani leo juu ya barabara iliyooza, wakati kesho unapaswa kumsifu yule aliyekula pesa ya barabara?

Mfuko wa pili ni kampuni za pombe. Zinaleta podiamu, mataa, mabango, na mara nyingi watu wanaingia bure. Ni vizuri kwa kucheza. Lakini kampuni inataka chupa ziuzwe, haitaki wimbo utakaoigombanisha na wakubwa. Kikundi kinachouliza maswali hakitaitwa mara ya pili.

Mfuko wa tatu ni mlango. Ni wewe na mimi, na noti yetu mkononi. Ni mfuko mdogo kupita yote, lakini ndio peke yake usiomwambia mwimbaji nini asiimbe.

Sasa tupige hesabu ya huo mfuko. Tuseme sale imepokea watu 60, kila mmoja amelipa 5.000 FC. Ni 300.000 FC. Toa bei ya sale. Toa sono. Toa mafuta ya jenereta, kwa sababu umeme unaweza kukatika wimbo wa pili tu. Toa motari za kubeba vyombo. Halafu wanafika wageni wasioalikwa: huyu anatoka komini, yule anasema ni wa utamaduni, mwingine ni wa usalama. Kila mmoja ana bei yake, na kitansi haionekani. Saa nne usiku, vijana watano wanagawana pesa ya kurudi nyumbani.

Na katiba ya nchi yetu inasema nini? Kifungu cha 25 kinalinda mikutano ya amani isiyo na silaha. Kifungu cha 46 kinalinda haki ya utamaduni na uhuru wa kutunga kazi za sanaa. Kifungu cha 174 kinasema kodi inawekwa na sheria tu. Hakuna mahali imeandikwa kwamba kila mwenye kofia anaweza kujiwekea takse yake mlangoni mwa sale.

Pesa si kizuizi peke yake. Mnamo Novemba 2021 tume ya taifa ya censure ilikataza wimbo «Nini tosali te» wa kikundi MPR, vijana wa Kinshasa walioimba shida za nchi miaka nenda rudi. Watu walipiga kelele, na siku chache tu kisha, marufuku ikaondolewa. Mwezi uliofuata, tarehe 14 Desemba 2021, UNESCO iliweka rumba ya Congo katika urithi wa wanadamu, na wakubwa walewale wakashangilia. Muziki unapendwa ukiwa urithi. Ukiwa swali, unatafutiwa karatasi.

Hapa mashariki tunajua hali mbaya zaidi. Delcat Idengo, aliyekuwa amekwisha kufungwa juu ya maneno na nyimbo zake, aliuawa kwa risasi Goma tarehe 13 Februari 2025. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba nyimbo ni mchezo tu wa watoto. Wenye silaha wanajua uzito wake, na sisi pia tuujue.

Tunasikia jibu la viongozi: kelele, utulivu, usalama. Kuna ukweli ndani yake. Mgonjwa jirani na sale anahitaji usingizi, mtoto wa mtihani pia. Sale yenye mlango mmoja tu inaweza kuua watu moto ukiwaka. Kanuni ni lazima. Lakini kanuni ni kitu kilichoandikwa, kilichobandikwa ukutani, kinachofanana kwa wote. Kile kinachopangwa mlangoni saa mbili usiku, kwa kunong'ona, kina jina lingine.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kila meri na kila komini itangaze wazi malipo yote ya konseri na sheria inayoyaruhusu. Yasiyo na sheria yaondoke.

2. Dirisha moja, barua moja, kitansi moja. Kikundi kisizungushwe ofisi tano juu ya watu 60.

3. Hakuna maneno ya wimbo kupitishwa mbele ya ofisi yoyote kabla ya kuimbwa. Aliyetukanwa aende mbele ya juji.

4. Harakati, shirika, parokia ao shule inayoita kikundi ilipe. Kusema «ni juu ya nchi» hakulipi mafuta ya jenereta.

Na kwetu sisi vijana, kuna neno pia. Nyota akitoka Kinshasa, watu wanalipa bila kunung'unika. Kikundi cha kartie kikicheza, tunasikia: «Mukubwa, uniingize tu, tuko bandugu.» Kama ni ndugu yako, ndiyo sababu ya kulipa. Unayeingia bure leo unamsukuma kwa mwenye libanga kesho, halafu utamuita muuza nyimbo.

Hatusemi kila mtu ana 5.000 FC. Asiye nayo, asaidie kubeba vyombo, abandike afishi, asimame mlangoni. Vikundi navyo viweke bei ambayo mwanafunzi anaiweza. Lakini aliye nayo aitoe.

Wiki hii uliza nani anacheza karibu na kwako. Fika kwa saa, lipa mlangoni, na mtu akija kuchukua pesa ya kikundi bila karatasi, muulizeni wote pamoja, kwa utulivu: kitansi iko wapi?