TUJIFUNZE LUGHA: Amemwaga Unga

Tuseme kijana wako anafanya kazi mjini. Siku moja unapata barua yake. Unaisoma mwenyewe, bila kumwita mtu akusomee. Inasema: "Baba, mwezi huu sitaweza kutuma fedha. Nimemwaga unga."

Kila neno unalijua. Kumwaga unajua. Unga unaujua. Lakini ukiyachukua maneno hayo jinsi yalivyo, utashangaa. Unga kidogo umwagike, fedha za mwezi mzima zikosekane? Kijana anakuambia kwamba amepoteza kazi. Kazi ndiyo inayomletea unga, na unga ndio ugali wake. Kazi ikiondoka, unga umemwagika. Basi barua hiyo si ya kuchekwa. Yataka jibu upesi.

Maneno ya namna hii huitwa nahau. Ukikutana na nahau usiyoijua, usitazame maneno peke yake. Tazama pia maisha ya watu walioianzisha.

Nahau nyingi za Kiswahili zilitoka baharini, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kwanza lugha ya watu wa pwani. Nanga ni chuma kizito chenye kulabu. Hushushwa majini ili chombo kisichukuliwe na maji. Mabaharia wakitaka kusafiri, huing'oa kwanza. Ndiyo maana tunasema mkutano umeng'oa nanga, yaani umeanza, hata kama mkutano huo uko Dodoma, mbali kabisa na bahari. Tunasema pia mambo yamekwenda mrama, yaani yameharibika. Mrama ni kule kuyumba kwa chombo, huku na huku, mawimbi yakiwa makubwa. Aliyewahi kupanda jahazi siku ya upepo mkali hahitaji kuelezwa zaidi.

Waingereza nao walikuwa mabaharia. Meli zao za zamani zilikwenda kwa matanga, na matanga yaliongozwa kwa kamba nyingi sana. Baharia mgeni alipaswa kujifunza kila kamba na kazi yake. Mpaka leo Mwingereza akitaka kumfundisha mtu kazi mpya, husema atamwonyesha kamba. Ukiyageuza maneno hayo kwa Kiswahili neno kwa neno, mfanyakazi mgeni anaweza kukimbia, akidhani atafungwa!

Lakini wakati mwingine watu wa mbali hufanana nasi. Mtu bahili sisi tunamwita mkono wa birika. Utazame mkono wa birika: umepinda, haunyooki ukampa mtu kitu. Sasa, huko Meksiko, ng'ambo ya bahari, watu husema Kihispania. Wao mtu bahili humwita kiwiko, yaani pale mkono unapokunjika katikati. Mara nyingine hata hawasemi neno. Mtu hugonga tu kiwiko chake kwa kiganja, na wenzake wote wanajua ni nani asiyetaka kutoa fedha zake.