Kabla hujasema mbwa wako ni tasa, pima damu

Vijana wengi siku hizi wameongeza mbwa kwenye biashara ya shamba. Wanafuga German Shepherd, Rottweiler na Boerboel, wanauza watoto kwa watu wa ulinzi. Ni biashara nzuri ukiifanya kwa hesabu. Ila kuna jambo linanikera na leo nalisema wazi: bado tunapandisha mbwa kwa kuhesabu siku vidoleni.

Damu ikionekana, tunahesabu. Siku ya 11 jike anapelekwa kwa dume, siku ya 13 anarudishwa tena, halafu tunasubiri. Mimba isiposhika, lawama zinaanza. Mwenye jike anadai dume ni mbovu. Mwenye dume anasema jike ni tasa na hela hairudi. Mwishowe mbwa mzuri anauzwa kwa bei ya kutupa, wakati pengine hana ugonjwa wowote. Alipandishwa siku isiyo yake tu.

Msimamo wangu ni huu: kama unafuga mbwa kibiashara na dume si wako, kipimo cha damu cha homoni ya projesteroni kiwe sehemu ya makubaliano ya kupandisha. Kisiwe kitu cha kukumbuka baada ya kukosa mimba mara mbili.

Hiyo siku ya 11 inatoka wapi? Inatoka kwenye wastani. Hatua ya kwanza ya joto, ile ya damu na kuvimba huku jike akimkataa dume, huchukua wastani wa siku 9. Lakini wapo wanaoimaliza kwa siku 3 na wapo wanaofika siku 17. Kwa hiyo jike mmoja anaweza kuachia mayai siku ya 7, mwingine akapitisha siku ya 20, na wote ni wazima kabisa. Dalili za nje nazo zinadanganya. Kuna jike anapindisha mkia na kumkubali dume siku kadhaa kabla ya mayai kutoka, na kuna mwingine anatoa damu mpaka mwisho wa joto.

Wengi wenu mmetokea kwenye ng'ombe, mnajua utaratibu wake: ukiona joto asubuhi, jioni unamwita mhimilishaji. Usiupeleke kwa mbwa. Yai la ng'ombe linatoka likiwa tayari kurutubishwa. Yai la mbwa linatoka likiwa bado changa, linahitaji kama siku 2 hivi kukomaa, kisha linabaki hai siku 2 au 3 tu. Maana yake siku nzuri za kumpandisha ni kuanzia siku ya 2 mpaka ya 4 baada ya mayai kutoka. Hapo ndo damu inakuambia kitu ambacho macho hayawezi.

Najua swali linalokuja: mbona mbwa wa mtaani hawapimwi na wanazaa? Ni swali la haki. Mbwa wa mtaani anapandwa na madume kadhaa, siku baada ya siku, kwa muda wote anaowakubali. Tena mbegu nzima za dume zinaweza kuishi ndani ya jike siku 5 hata 7. Hawezi kuikosa siku yake. Wewe je? Jike yuko Morogoro, dume yuko Dar es Salaam, karibu kilomita 200, gari umekodi, na mwenye dume amekupa nafasi mbili tu. Nafasi mbili unazibahatisha, halafu unashangaa?

Kwa sababu hiyohiyo nasema si kila mtu anahitaji kipimo. Kama dume ni wako na wako boma moja, waache wapandane kila baada ya siku moja, tangu jike anapokubali mpaka anapokataa. Mara nyingi inatosha. Kipimo ni kwa anayesafiri, anayelipia dume, anayetumia mbegu za kusafirishwa, au ambaye jike wake amekosa mimba mara moja. Mbegu zilizogandishwa ndizo hazina mchezo kabisa, kwa sababu zikishayeyushwa huishi saa chache, siku moja ikizidi sana.

Sasa kazi yenyewe. Andika tarehe ya damu ya kwanza. Kuanzia siku ya 5 mpaka ya 7, daktari wa mifugo amtoe damu, kisha arudie kila baada ya siku 2 au 3. Mara nyingi vipimo vitatu au vinne vinatosha. Majibu yakija kwa nanogramu kwa mililita, chini ya 1 maana yake bado mapema. Yakikaribia 2, ile homoni inayoamuru mayai yatoke inapanda, na mayai yatatoka baada ya kama siku 2. Yakifika kati ya 4 na 8, mayai yanatoka. Wengi huchukua 5 kama alama ya siku hiyo. Ukishaipata, hesabu siku 2, mpandishe, na urudie baada ya siku 2 nyingine. Hapo kuhesabu siku kuna maana, kwa sababu unajua unaanzia wapi.

Angalia mitego mitatu.

Kwanza, soma kipimo kimeandikwa kwa uniti gani. Maabara nyingine hutoa majibu kwa nanomoli kwa lita, na hapo 5 ya nanogramu inasomeka karibu 16. Mtu akiona 6 kwenye karatasi ya nanomoli anaweza kukimbilia kwa dume, kumbe yupo kwenye 2 na mayai hayajatoka.

Pili, vipimo vyote vifanyike maabara moja, mashine moja, maana mashine mbili zinaweza kutoa namba tofauti kwa damu ileile. Uliza pia chupa gani inatakiwa, kwani zile zenye jeli ndani zinaweza kushusha kiwango. Mjini kwako hakuna maabara ya mifugo yenye kipimo hiki? Muulize daktari wako kuhusu maabara ya hospitali ya watu. Projesteroni ya mbwa na ya binadamu ni kitu kilekile, kwa hiyo mashine inaipima. Ila majibu asome daktari wa mifugo, kwa sababu viwango vya kawaida vilivyoandikwa kwenye ile karatasi ni vya wanawake.

Tatu, msinunue vile vijiti vya mkojo vya duka la dawa ambavyo wanawake hupimia siku za kupata mimba. Vile vinatafuta homoni nyingine, na ile ya mbwa haifanani na ya binadamu. Utapoteza hela na siku.

Kama hela ni ngumu kweli, daktari mwenye darubini anaweza kuchukua ute wa ukeni kwa pamba na kuangalia chembe. Ni rahisi zaidi na kinaonyesha kama jike ameingia kwenye joto kamili. Hakikuambii mayai yametoka siku gani, ila kinakusaidia kujua lini uanze kulipia damu. Ukivitumia vyote viwili, unapunguza idadi ya vipimo vya damu.

Bado unasema ghali? Hesabu kwa miezi. Jike huingia joto kwa wastani kila baada ya miezi 7. Ukipata mimba Januari, watoto wanazaliwa Machi, na wakifikisha wiki 8 unawauza Mei. Ukikosa Januari, unasubiri Agosti, wanazaliwa Oktoba, unauza Desemba. Hiyo ni miezi 7 ya chakula, dawa na chanjo bila kuingiza shilingi. Weka bei za kwako hapo, kisha uniambie kipi ni ghali.

Na kuna faida ambayo watu hawaifikirii. Ukihesabu kutoka siku ya kupandwa, mbwa anaweza kuzaa popote kati ya siku ya 57 na ya 72. Ukihesabu kutoka siku mayai yalipotoka, ni siku 63, ikizidi au kupungua moja hivi. Anayejua tarehe analala karibu na jike usiku unaohusika na daktari ana taarifa. Asiyejua anafika asubuhi anakuta jike amechoka na watoto wamefia ndani. Kwa aliyepangiwa upasuaji, tarehe hiyo ndiyo uhai wa watoto.

Kwa hiyo napendekeza makubaliano ya kupandisha yawe na mambo manne kwa maandishi. Jike na dume wapimwe Brusela, kwa sababu ni ugonjwa unaoambukizwa kwa kupandana, unatoa mimba, na binadamu pia anaweza kuupata. Mbegu za dume ziangaliwe kwenye darubini. Majibu ya projesteroni yaonyeshwe kabla ya safari, na ijulikane nani anayalipia. Mwisho, jike apigwe ultrasaundi karibu siku ya 28. Kama siku ilikuwa sahihi na mimba haikushika, joto lijalo apandishwe bure.

Kipimo hakitibu dume mwenye mbegu dhaifu wala jike mwenye maambukizi ya kizazi. Kinachofanya ni kuondoa swali la siku mezani, ili tatizo lingine likiwepo lionekane na litibiwe. Wenye madume, nyinyi mnaweza kuanzisha hili. Mteja akipiga simu kusema jike yupo siku ya 10, msimwambie "mlete kesho". Mwambieni alete majibu ya damu kwanza. Jina la dume lenu litakaa vizuri, na hakuna jike mzima atakayeuzwa kama tasa.