Dawa za mahabusu zisiishie kaunta

Mhariri,

Nina miaka 11 nikifanya kazi ya uuguzi katika zahanati ya gereza. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo nimelisema vikaoni hadi nimechoka: mahabusu wanatufikia wakiwa hoi kwa sababu dawa zao zimebaki kituo cha polisi.

Mwaka jana, Jumanne moja jioni, karandinga lilishusha mahabusu wapya. Kijana mmoja, rika la mdogo wangu wa mwisho, alishindwa kupanda ngazi mbili za mapokezi. Askari mwenzangu alidhani amelewa. Nilipomsogelea nilisikia harufu pumzini mwake, kama ya matunda yaliyochacha, naye anahema kwa nguvu kama mtu aliyekimbizwa. Nilimtoboa kidole. Mashine haikutoa namba, ilionyesha tu kwamba sukari imepita uwezo wake wa kupima. Anachoma insulini kila siku tangu utotoni, na mara ya mwisho kuchoma ilikuwa Ijumaa asubuhi.

Nikamuuliza dawa yako iko wapi. Akanijibu kwa shida, "Kwenye begi, afande."

Begi lilikuwa kituoni. Lilipoletwa siku mbili baadaye, lilikuja na orodha iliyoandikwa kwa mwandiko safi kabisa: simu moja, mkanda mmoja, pochi, shilingi 14,000, kichupa kimoja cha dawa. Yaani kuna mtu alikishika kile kichupa, akakiandika, kisha akakifungia kabatini pamoja na mkanda. Wakati huo kijana yuko hospitali ya wilaya, dripu mkononi. Alikaa huko siku 6, na sisi tukitoa askari wa kumlinda usiku na mchana, nao ni wachache hata kwa kazi za kawaida. Alipona, namshukuru Mungu.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 24 ikiwezekana. Wenye kazi hii tunajua mambo yanavyokwenda: ukikamatwa Ijumaa jioni, mahakama utaiona Jumatatu, ukibahatika. Siku hizo zote hakuna muuguzi kituoni. Kuna kaunta na askari wa zamu, basi.

Mgonjwa wa kifafa akikatishwa vidonge ghafla anaweza kupata degedege zinazofuatana bila kupumzika, na seli nzima ikasema anaigiza. Nimempokea mmoja aliyepigwa mateke kwa "kuigiza" huko, ulimi wake umekatwa na meno yake mwenyewe. Wa kifua kikuu anatakiwa kumeza dawa miezi 6 bila kuruka, maana akizikatiza vijidudu huzoea dawa, tena yumo kwenye chumba kisicho na dirisha la maana, amebanana na wenzake. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ndiye mwenye mtihani mkubwa zaidi. Atasimama vipi mbele ya watu ishirini asiowajua aseme, "Afande, naomba vidonge vyangu"? Wengi wananyamaza. Mimi mwenyewe navaa sare, wananiita afande kabla hawajaniita nesi, na huwa inanichukua siku kadhaa za kukaa nao kwa upole kabla mtu hajaniambia ukweli wa kadi yake ya kliniki.

Jambo hili lina mwongozo wake. Kanuni za Nelson Mandela kuhusu matunzo ya wafungwa, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinagusa hata begi lile. Kanuni ya 67 inasema vitu vya mfungwa viorodheshwe na kutunzwa, na hapo hapo inasema akija na dawa, daktari au mtaalamu mwingine wa afya ndiye anayeamua zitumikeje. Kabati halijapewa uamuzi huo.

Najua hoja ya polisi, na nina ndugu katika jeshi hilo. Mtu anaweza kumeza vidonge vyote ajidhuru, au kuficha dawa za kulevya kwenye chupa ya hospitali, na lawama zikamwangukia askari wa zamu. Hofu hiyo ni halali. Ndiyo maana siombi mahabusu akae na dawa mfukoni. Askari azitunze yeye, apige simu kliniki iliyoandikwa kwenye kadi kuuliza dozi, ampe kwa wakati, aandike saa aliyompa. Zile zinazotaka ubaridi zipelekwe kituo cha afya cha jirani. Na yule anayemkabidhi mahabusu kwa karandinga amkabidhi pamoja na dawa zake, tuzisaini mapokezi kama tunavyosaini hati ya mahakama.

Wakubwa wa polisi wanaweza kuagiza hivyo wiki hii bila kusubiri bajeti. Anayeandikisha vitu kaunta aulize pia, kwa sauti ya chini, mtu anaumwa nini na anatumia dawa gani.

Nanyi wasomaji, ndugu yenu akikamatwa, mkimpelekea chakula pelekeni na dawa zake pamoja na kadi ya kliniki, na msiondoke kaunta kabla hamjaona zimeandikwa.

Muuguzi wa gereza,
Kanda ya Ziwa
(Jina limehifadhiwa)