Picha za Familia Zisipotee

Mwaka jana simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo nikifua. Simu nyingine nilinunua. Picha za mwisho za marehemu mama yangu sikuzipata tena, kwani zilikuwa humo tu.

Tangu hapo nafuata kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh: nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na 1 ikae mbali na nyumbani. Ya kwanza ni ile ya kwenye simu. Ya pili iweke kwenye diski ya nje. Kijana wako wa sekondari atakuonyesha namna ya kuiunganisha na kompyuta. Ya tatu ihifadhi kwenye intaneti, ili mwizi au moto usichukue zote. Google hutoa GB 15 bila malipo, ila tangu Juni 2021 picha mpya huhesabiwa humo pamoja na barua pepe.

Jihadhari: ukifuta picha katika Google Photos, huweza kufutika kwenye simu pia. Ndiyo maana diski ni ya lazima.

Chagua siku moja kila mwezi, watoto wakishalala. Nakili picha mpya, kisha fungua chache uhakikishe zinaonekana. Zile za thamani zaidi zipeleke studio zisafishwe, uzitie kwenye albamu. Albamu haihitaji chaji, na wajukuu wataishika mkononi.

Je, picha za mama yako ziko wapi leo? Anza na hizo.